Ndege Iliyokosa Ngazi

Walikuwa wamekaribia kabisa kutua pale ndege ya mizigo iliyowatangulia ilipopasuka matairi na kukwama katikati ya njia ya kurukia. Uwanja ule mkubwa ulikuwa na njia moja tu. Mwongoza ndege aliyekuwa mnarani alitangaza, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vitunguu, kwamba njia imefungwa, kwamba hajui itafunguliwa lini, na kwamba kila aliye angani atafute pa kwenda.

Kapteni alishusha pumzi ndefu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono iliyotulia na mdomo usiotulia. Kwenye kiti cha pili alikaa rubani msaidizi, mwanamume aliyemzidi umri kidogo, ambaye aliingia kwenye kampuni akiwa amechelewa, baada ya kurusha kwa miaka vile vindege vya kunyunyizia dawa mashambani. Wenzake walimwita Taratibu, maana hakuwahi kusema jambo bila kulizunguka kwanza kama mtu anayetafuta mlango.

"Mimi nilikuwa nafikiri," alisema Taratibu, "kwa mafuta haya tuliyo nayo, na huko kwenye uwanja wa akiba kila mtu ndiko anakokimbilia, tutazungushwa hewani mpaka tujute. Kuna kile kiwanja kidogo upande wa milimani. Njia yake inatutosha. Nimeshawahi kutua pale."

Kapteni alimsikiliza mpaka mwisho. Akiwa hewani alikuwa na adabu hiyo, tena ndiyo aliyoifundisha. Kila mwaka kampuni ilimsimamisha mbele ya marubani wapya awaelekeze jambo hilohilo: ndani ya chumba cha marubani mdogo ana haki ya kumwambia mkubwa "hapa umekosea," na mkubwa ana wajibu wa kufunga mdomo na kufungua masikio. Aliuliza maswali mawili, akatazama mafuta, akasema, "Sawa. Twende huko."

Walitua vizuri. Njia ilikuwa nyembamba na upepo ulikuwa unasukuma kutoka ubavuni, lakini Kapteni aliiweka ndege chini kama mtu anayelaza mtoto. Huko nyuma baadhi ya abiria walipiga makofi.

Shida zilianza waliposimama.

Kiwanja chenyewe kilikuwa jengo moja la bati jekundu, gari moja la zimamoto, na bendera ya upepo iliyochanika. Ndege zilizozoea kuja hapo zilikuwa ndogo, za watu kumi na kitu, ambazo mlango wake ukifunguliwa unakuwa wenyewe ndio ngazi. Ndege ya Kapteni ilikuwa na abiria zaidi ya mia, na mlango wake ulikuwa juu kama dari ya nyumba. Palikuwa na ngazi moja ya magurudumu, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya jengo, na hata kwa macho ilionekana ni fupi.

Kapteni alifungua kidirisha cha pembeni mwa kiti chake, akatoa kichwa nje.

"Wewe bwana! Wewe mwenye kofia! Tuletee ngazi!"

Mlinzi mwenye kofia alisogea mpaka chini ya pua ya ndege, akaweka mkono juu ya macho. "Haitafika, mama!"

"Naona haitafika! Ilete tu, tutajua hapa!"

"Ufunguo anao meneja!"

"Meneja yuko wapi?"

"Ametoka!"

"Ametoka kwenda wapi?"

Mlinzi alifikiri kidogo, kama mtu ambaye hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Hakusema. Ila alisema mtu asiguse ngazi."

"Mpigie simu!"

"Simu yake ameiacha ofisini. Ndiyo inayolia hiyo."

Kapteni alirudisha kichwa ndani. Alimtazama Taratibu kana kwamba ni yeye aliyemtuma meneja kutembea.

Akaipigia ofisi ya kampuni, ile inayosimamia safari. Kijana wa ofisini akamwambia trekta la kuvuta ndege ya mizigo liko njiani, nusu saa tu njia itakuwa wazi, wajiandae kuondoka. Basi Kapteni akapiga hesabu yake. Mafuta yaliyobaki yaliwatosha kufika kwenye ule uwanja mkubwa, na akiba ya lazima juu yake, lakini kwa kubana. Pale kiwanjani hapakuwa na mafuta ya ndege kama yao. Ile injini ndogo ya mkiani, inayotia baridi ndani ndege ikiwa imesimama, ilikuwa inayanywa yaleyale. Akaizima. Akaamuru milango ya mbele ifunguliwe na kuwekwa mkanda wa kuzuia mtu asianguke. Akatangaza kwamba wataondoka baada ya nusu saa.

Nusu saa ikapita. Ofisi ikasema nusu saa nyingine. Akatangaza tena. Ikapita hiyo nayo. Trekta, ikasemekana, limefika lakini halina kamba inayofaa. Nusu saa. Jua lilikuwa limeiva, limelala juu ya bati la ndege lote, na ndani mlikuwa na harufu ya soksi, mikate ya zamani, na watu waliokwisha kuacha kuongea kwa upole.

"Mimi nilikuwa nafikiri," alianza Taratibu.

"Nini?"

"Watu hawa, badala ya kuwakalisha humu, kama tungeweza kupata namna ya kuwashusha, wakae hata kivulini chini ya bawa…"

"Kwa mabawa gani? Waruke?" Kapteni alimgeukia mwili mzima. "Ngazi imefungwa, ni fupi, ufunguo hakuna, meneja hakuna. Nikiwashusha halafu njia ikafunguliwa, nitawapandishaje? Ndugu yangu, ukiwa huna jibu, usiniongezee swali."

Taratibu alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Ndipo alipoingia mhudumu mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye wenzake wote, hata waliomzidi umri, walimwita Dada Mkubwa. Alikuwa na mambo matatu. Choo cha nyuma kimejaa. Maji ya kunywa yamebaki chupa chache. Na abiria wa kiti cha mbele kabisa anaomba kuonana na rubani.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anasema ana ushauri."

Kabla Kapteni hajajibu, mwenye ushauri alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya Dada Mkubwa. Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, na uso uliozoea kutazamwa. Akajitambulisha kuwa mkufunzi wa uongozi. Alikuwa akienda kuwahutubia mameneja wa kampuni moja kubwa.

"Kapteni, mimi kila siku nawafundisha watu kuhusu wewe," alisema huku ametabasamu. "Nawaambia, dhoruba ikija uwe kama rubani! Utulivu! Dira! Maono! Sasa naona nafasi nzuri sana hapa. Ukitoka ukawaambia abiria maneno ya kuwainua moyo…"

"Kaka, umewahi kurusha ndege?"

"Mimi hasa, hapana, lakini…"

"Rudi kwenye kiti chako, funga mkanda."

"Lakini tumesimama."

"Funga hivyohivyo."

Mkufunzi akaondoka. Dada Mkubwa alikuwa bado anangoja jibu la choo. Simu ya Kapteni ikalia, alikuwa mumewe. Bomba la jikoni limepasuka, fundi amekuja, anauliza pa kufungia maji ni wapi. Kapteni akasema ni nyuma ya nyumba, chini ya kile kifuniko. Mumewe akauliza kifuniko kipi. Kapteni akakata simu.

"Sikiliza, Dada Mkubwa," alisema, na sauti yake ilikuwa imekonda. "Na uwaambie na wenzako. Sitaki kusikia tena habari za choo, wala maji, wala joto. Joto nalijua, na mimi nimekaa ndani yake. Mtu akinifuata humu awe na jambo la maana au awe na suluhisho mkononi. La sivyo, mlango huu muuone ukuta."

"Sawa, Kapteni," alisema Dada Mkubwa. Akatoka, akaufunga mlango taratibu, akawaambia wenzake watatu kama alivyoambiwa, neno kwa neno.

Kwa muda kukawa na utulivu. Kapteni akaona afadhali. Aliongea na ofisi, akafoka, akaongea tena. Taratibu alifuta kioo. Hakuna aliyebisha hodi, na yeye akauchukua ukimya huo kuwa mambo yametulia.

Huko nyuma, katika safu za mwisho ambako upepo wa mlango haukufika, alikuwa amekaa mama mmoja mzee pamoja na binti yake. Mama huyo alikuwa na ugonjwa wa moyo na alikuwa akisafiri kwenda kuonana na daktari wake. Mwanzoni alilalamika joto kama kila mtu. Baadaye akaacha kulalamika, na hapo ndipo binti alipoanza kuogopa. Akamwita mhudumu, akaomba mama yake asogezwe mbele penye hewa. Mhudumu akasema atauliza. Mbele kulikuwa kumejaa watu waliosongamana mlangoni wakigombea upepo. Binti akaita tena, akasema mikono ya mama imekuwa ya baridi ilhali wote wanatoka jasho. Mhudumu akamwendea Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikwenda mpaka mlango wa marubani. Akainua mkono kubisha. Akajiuliza: je, hili ni joto, au ni jambo la maana? Bibi mzee anasikia joto. Suluhisho analo? Hana. Alisikia ndani Kapteni akimfokea mtu kwenye simu, "Msinipigie mpaka muwe na jibu!" Akaushusha mkono. Akarudi nyuma na kitambaa chenye maji na chupa moja kati ya zile chache zilizobaki, akampepea mama yule kwa kadi ya maelekezo ya usalama, roho yake ikiwa haijatulia hata kidogo.

Mara ya tatu binti hakumwita mtu. Alipita katikati ya watu akiwasukuma kwa viwiko, akafika mbele, akaupiga mlango kwa ngumi mbili.

Kapteni alifungua kwa hasira, mdomo wake umeshajaa maneno. Akayameza. Msichana aliyesimama mbele yake hakuwa analia wala kupiga kelele.

"Mama yangu haitiki," alisema. "Nimewaambia watu wenu tangu saa ile. Mama yangu haitiki."

Kapteni alimtazama Dada Mkubwa, aliyekuwa amemkimbilia binti na sasa amesimama nyuma yake, na uso wa Dada Mkubwa ulimweleza yote kabla hajauliza.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Kapteni alimwambia Taratibu awashe injini ndogo, mafuta yatajijua yenyewe. Hewa ya baridi ikaanza kuvuma. Akatoka kwenye chumba chake kwa mara ya kwanza tangu watue, akaona yale aliyokuwa akiyasikia tu kwa majina: watoto waliovuliwa nguo, mzee aliyelala kwenye mapaja ya mtu asiyemjua, maji machafu yaliyotambaa kutoka chooni mpaka kwenye zulia. Wanaume wanne walimbeba mama yule wakampitisha juu ya viti mpaka mbele, wakamlaza sakafuni karibu na mlango. Mkunga mmoja aliyekuwa miongoni mwa abiria alipiga magoti, akamshika shingoni, akalegeza nguo zake.

"Mapigo yapo, ila ni dhaifu," alisema mkunga. "Anataka hospitali. Kumkalisha humu ni kumwua."

Kapteni alisimama mlangoni, akatazama chini kwenye lami, kisha akawatazama watu. Watu wote walikuwa wamemkodolea macho.

"Jamani," alisema. "Nimekuwa nikiwaambia nusu saa, nusu saa. Ukweli ni kwamba hata mimi sijui. Na huyu mama inabidi ashuke sasa hivi, na sijui tutamshushaje. Mwenye wazo alitoe. Hata kama ni nusu ya wazo."

Ikatoka sauti mgongoni mwake: "Mimi nilikuwa nafikiri…"

Kila kiungo cha Kapteni kilitaka kusema "fupisha." Akajizuia kwa nguvu kama mtu anayezuia chafya.

"Pale uani," Taratibu aliendelea, kwa mwendo wake uleule, "kando ya uzio, kuna lori la kubebea nyasi. Lile lisilo na kuta. Ngazi ni fupi, lakini ikipandishwa juu ya lori… nimeipima kwa macho muda mrefu… nadhani itafika. Nilitaka kusema tangu mwanzo."

"Itateleza," mtu mmoja alisema kutoka safu ya kati. Alikuwa mwenye kazi ya kuhamisha samani za watu, bega moja limeinama kwa kubeba makabati. "Magurudumu ya ngazi yang'olewe au yalazwe, halafu ifungwe kamba nne, mbili zipishane hivi. Na chini pawekwe watu wa kushikilia. Mimi nimeshapandisha kinanda ghorofani kwa mtindo huo."

"Kamba zipo zimamoto," alisema mhudumu mdogo kuliko wote. "Niliziona walipofungua gari."

Kapteni alitoa kichwa nje tena. Safari hii hakumwita mlinzi. Alimwita mkuu wa zimamoto, akamweleza hali kwa maneno machache. Mkuu wa zimamoto hakuuliza habari za ufunguo. Alikwenda na mkasi mkubwa wa chuma akaukata ule mnyororo, mlinzi akimfuata nyuma huku akisema, "Mimi simo, jamani, mimi simo." Lori likaletwa kinyumenyume mpaka chini ya mlango. Ngazi ikapandishwa na watu wanane, ikafungwa, ikalegea, ikafungwa upya. Mhamisha samani alielekeza kutoka juu kwa mikono na kwa matusi madogomadogo aliyokuwa akiyaombea radhi kila baada ya moja.

Ngazi ilifika. Ilibaki pengo la kuweza kuingiza mguu, lakini ilifika.

"Nani anashuka kwanza kuijaribu?" aliuliza mkuu wa zimamoto.

"Mimi," alisema Kapteni, na akashuka, ngazi ikitetemeka chini yake kama meza mbovu ya mgahawa. Alipofika juu ya lori akaruka mpaka chini. Akatazama juu, akasema panahitajika watu wengine wawili wa kushikilia miguu ya ngazi. Wa kwanza kuitikia na kushuka alikuwa mkufunzi wa uongozi.

"Kapteni, nisaidie nini?"

"Shika hapo. Usiachie. Usiongee."

Naye alishika. Alipiga magoti kwenye nyasi zilizooza za lile lori, akakumbatia chuma chenye grisi, na suti ile ya rangi ya maziwa ikawa kama nguo ya fundi wa magari. Na lazima isemwe: hakuachia wala hakuongea, mpaka mtu wa mwisho alipokanyaga ardhi.

Mama yule alishushwa kabla ya abiria wengine, amefungwa kwenye machela ya zimamoto, Taratibu akiwa juu yake na mhamisha samani chini yake, hatua kwa hatua. Gari la kubebea wagonjwa halikuwapo. Lilikuwepo gari dogo la mkuu wa zimamoto, likalazwa viti. Mkunga akaingia naye. Binti alipokuwa anapanda, Kapteni alimsogelea.

"Dada, nisamehe. Sikujua."

Binti alimtazama kidogo. "Hukujua kwa sababu hukutaka kujua," alisema. "Mtu wako alikuja mpaka mlangoni kwako akarudi. Nilimwona."

Gari likaondoka, likaacha vumbi.

Abiria wengine walishuka mmoja mmoja, kazi iliyochukua muda mrefu na kelele nyingi. Mmoja alitaka mzigo wake ushushwe kwanza. Mwingine aligoma kushuka kwa sababu amelipia kiti cha dirishani. Walipojaa katika lile jengo la bati jekundu, meneja wa uwanja alitokea akiwa na mfuko wa misumari na kopo la rangi, akauliza ni nani aliyekata mnyororo wake. Kapteni alimjibu kwa sentensi moja, ambayo mlinzi aliirudia kwa furaha kwa kila aliyefika pale jioni ile.

Ofisi ikapiga simu. Njia imefunguliwa, waondoke mara moja.

"Hatuondoki," alisema Kapteni. "Mafuta nimeyatumia kuwapoza watu. Leteni gari la mafuta."

"Kapteni, lakini ulisema ya kutosha unayo…"

"Nilisema hivyo wakati ninyi mlisema nusu saa."

Wakati wanangoja gari la mafuta, aliwakusanya wenzake nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha tangi la maji. Walikuwa sita wote, wamelowa jasho, mmoja amevua viatu. Kapteni alikuwa bado na hasira. Ilikuwa imemkaa kifuani tangu asubuhi na haikuwa imepata pa kutokea.

"Dada Mkubwa, ulifika mlangoni ukarudi. Kwa nini? Wewe si wa juzi kwenye kazi hii. Mtu anakufa, unarudi?"

Dada Mkubwa hakuinamisha kichwa. "Ulisema nikija niwe na jambo la maana au suluhisho. Suluhisho sikuwa nalo. Jambo la maana sikuwa na hakika nalo. Ningekuwa na hakika, ningevunja mlango."

"Kwa hiyo ni kosa langu?"

Hakuna aliyejibu. Mhudumu mdogo alitazama viatu vya mwenzake. Ukimya ule Kapteni aliutambua. Ulikuwa uleule aliokaa nao asubuhi akidhani ni amani. Ulimwudhi kuliko jibu lolote ambalo wangempa.

"Jibuni basi!"

"Mimi nilikuwa nafikiri," alisema Taratibu, akasita, akamtazama kuona kama yuko salama kuendelea. "Ukiwa hewani mimi nakwambia chochote. Sikuogopi hata kidogo. Lakini leo tulipotua, uliniuliza watu waruke kwa mabawa gani. Basi nikasema, ah. Nikafuta kioo. Lori nilikuwa naliona pale muda wote. Hata mimi najilaumu, ningeweza kusema mara ya pili. Ila ulichoka, na mtu aliyechoka hivyo ukimwongezea neno… unaogopa."

"Sikuwa nimechoka," alisema Kapteni. "Nilikuwa nimeudhika."

"Kwetu sisi ni kitu kimoja," alisema Dada Mkubwa.

Kapteni alijiegemeza kwenye tangi. Aliwaza darasa lake la kila mwaka, yeye akitembea mbele ya marubani wapya na kuwaonyesha picha za ndege zilizoanguka kwa sababu mtu wa kiti cha pili aliona hatari akanyamaza. Alikuwa akiuliza: alinyamaza kwa nini? Na vijana walijibu: hofu, heshima, mazoea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujibu, na yeye hakuwahi kuwafundisha, kwamba mtu ananyamaza pia kwa sababu bosi wake ana siku mbaya, simu hazimwishi, na kila anayefungua mdomo anarudi ameng'atwa.

"Haya," alisema hatimaye. "Lile neno la ukuta nimelifuta. Mtu akiona kitu, aniletee. Kikiwa kidogo, aniletee. Nikifoka, afoke na yeye."

"Tufoke kweli?" aliuliza mhudumu mdogo.

"Msizidishe."

Gari la mafuta lilifika jua limepoa. Kabla ya kuwapandisha watu, Kapteni alisimama juu ya benchi ndani ya jengo, akawaeleza abiria bila kupamba: kwa nini hawakushushwa mapema, kwa nini baridi ilizimwa, na kwamba uamuzi ulikuwa wake na ulikuwa mbaya. Alitegemea labda wangemwelewa. Wachache walimwelewa. Mwanamume mmoja alimwita mwuaji. Mwingine alitaka kujua kama kutakuwa na chakula. Alijibu maswali yote, hata yale ya kijinga, hata yaliyorudiwa, huku kichwa kikimgonga. Katikati ya maswali hayo mkunga alirudi na gari la zimamoto, akasema mama amefikishwa hospitali ya wilaya, amefungua macho, amemwuliza bintiye kama mkoba wake uko salama. Watu wakashangilia kuliko walivyoshangilia pale ndege ilipotua. Kapteni alishuka kwenye benchi, akaenda nyuma ya tangi akakaa peke yake kidogo, kisha akarudi.

Baada ya siku chache kampuni ilimwita. Wakubwa watatu walikaa upande mmoja wa meza ndefu, na maswali yao yote yalikuwa kuhusu lori. Nani aliruhusu lori? Je, lori lina kibali cha kusogelea ndege? Na ngazi ingeanguka, je? Kapteni aliwaambia lori lilikuwa sehemu pekee ya siku ile iliyokwenda sawa. Waulize kuhusu yale masaa ya kabla ya lori. Hawakuuliza. Walimpumzisha wiki mbili, na wakamwandikia Taratibu onyo kwa kutoa wazo lisilo kwenye mwongozo.

Hilo la Taratibu ndilo lililomtoa kwenye kiti. Alirudi kwa wakubwa wale asubuhi iliyofuata bila kuitwa, na asubuhi ya baada yake, na ya tatu, mpaka karani wa mlangoni akawa anamwona kwa mbali na kujifanya anaongea na simu. Mkubwa wa marubani alimwambia anajiharibia. Akamjibu kwamba kama rubani msaidizi anaadhibiwa kwa kusema, basi watafute mtu mwingine wa kufundisha lile darasa, maana yeye hatasimama mbele ya vijana awadanganye. Walivutana karibu mwezi mzima. Mwishowe onyo likaondolewa, shingo upande, bila neno la samahani kwa yeyote.

Mama mzee alipona, akakaa hospitali ile siku kadhaa kisha akahamishiwa kwa daktari wake. Kapteni alimpigia binti simu kumjulia hali. Binti alijibu kwa ufupi, akasema mama anaendelea vizuri, akashukuru, akakata. Alimpigia tena wiki iliyofuata. Safari hiyo mama mwenyewe alichukua simu, akaongea naye muda mrefu sana: kuhusu dawa zake, kuhusu wajukuu, kuhusu kiti kile kilivyombana kiuno, kuhusu chai ya kwenye ndege kuwa maji ya kuoshea vyombo, na kwa nini madirisha yao hayafunguki. Kapteni alikuwa amesimama jikoni, mumewe anamngoja mezani, chakula kinapoa. Mara mbili alifungua mdomo amkatize.

"Ndiyo, mama," alisema. "Na nini tena?"